SINDANO INAPOGUSA ATERI

Jeraha lisilokusudiwa katika tiba, dalili zake, na wajibu wa walio nyumbani

Hakuna nyumba katika Rwimbogo isiyoijua sindano. Mtoto huchanjwa, mama mja mzito hutolewa damu ya kupimwa, mzee mwenye homa kali hutundikiwa dripu, na askari aliyeteguka au kuvunjika mguu hurudi likizo akiwa amefungwa plasta. Mambo haya yamekuwa ya kawaida katika tarafa hii ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika nchi ambayo wazee bado huiita Cyangugu. Ni neema kubwa, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayetamani kurudi katika siku zile ambapo homa ya mtoto ilitibiwa kwa kubahatisha.

Hata hivyo, kila chombo chenye ncha kina hatari yake, hata kikiwa mikononi mwa mtu mwenye ujuzi na nia njema. Mara chache hutokea kwamba sindano, kisu cha mpasuaji, au bendeji iliyokazwa ikaumiza mshipa ambao haukukusudiwa kuguswa. Mshipa huo ukiwa ni ule unaopeleka damu kwenye kiungo, basi saa chache tu huweza kuamua kama mtu atabaki na mkono wake au ataupoteza. Aghalabu saa hizo humkuta mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani, mbali na macho ya mganga. Ndiyo maana yafaa baba, mama na vijana wa kila nyumba wazijue dalili zake.

MISHIPA YA AINA MBILI

Mwili wa binadamu una mishipa mikubwa ya damu ya namna mbili. Namna ya kwanza huitwa ateri. Hiyo hupokea damu kutoka moyoni na kuipeleka kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Kuta zake ni nene, na damu hupita ndani yake kwa nguvu, ikisukumwa na kila pigo la moyo. Ukiweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utasikia mshipa unadunda. Hiyo ni ateri.

Namna ya pili huitwa vena. Hiyo huirudisha damu moyoni baada ya kazi kwisha. Kuta zake ni nyembamba, damu hupita polepole, na nyingi kati yake zimelala karibu na ngozi, ndiyo maana huonekana kama kamba za rangi ya samawati mikononi mwa mtu mzima. Mganga anapotoa damu ya kupimwa au anapotundika dripu, huitafuta vena.

Shida ni kwamba mishipa hii ni majirani. Katika kiwiko cha mkono, mahali panapochomwa sindano mara nyingi kuliko pengine pote, ateri kubwa ya mkono hupita upande wa ndani, chini kidogo tu ya vena. Baina yao pametandazwa utando mgumu wa msuli. Hapo kale, katika nchi za Ulaya, ambako vinyozi na matabibu walikuwa wakiwatoa watu damu kwa kisu kama dawa ya kila maradhi, utando huo ulipewa jina la Kifaransa lenye maana ya "kwa neema ya Mungu", kwa sababu ulizuia kisu kisiifikie ateri. Jina hilo peke yake laonyesha jinsi hatari hii ilivyojulikana tangu zamani.

JERAHA HUTOKEAJE?

Njia ya kwanza ni ya sindano yenyewe. Sindano ya kutolea damu ikipita vena na kuichoma ateri, damu huingia ndani ya bomba kwa nguvu zake yenyewe, nyekundu ya kung'aa, ikidunda pamoja na moyo. Mganga aliyefunzwa huitambua mara moja, huichomoa sindano na kupakandamiza mahali pale kwa dakika zisizopungua tano, na mara nyingi zaidi ya hapo. Wengi hupona kabisa na kubaki na alama ya kuvilia damu tu. Hatari kubwa zaidi huja pale dripu inapowekwa katika ateri bila kujulikana, kisha dawa ikapigwa humo. Dawa iliyotengenezwa ili ichanganyike na damu yote ya mwili hushuka moja kwa moja vidoleni ikiwa kali. Mgonjwa husikia maumivu ya kuunguza yanayokwenda hadi ncha za vidole, na mkono hupauka. Mtu akisikia hivyo, na aseme papo hapo, asingoje dawa iishe.

Njia ya pili ni sindano ya msuli. Waganga hufundishwa kuichoma katika pembe ya juu ya nje ya tako, na kwa watoto wachanga ubavuni mwa paja, ili kuepuka mshipa mkubwa wa fahamu na ateri zilizo katikati. Kuna ajali moja isiyotokea mara nyingi ambayo waganga wa Ulaya waliieleza tangu miaka ya 1924 na 1925. Baada ya sindano ya msuli, dawa huziba ateri ndogo, na ngozi ya mahali pale hugeuka rangi, ikawa na mabaka mfano wa wavu wa rangi ya zambarau, pamoja na maumivu makali mno. Imeonekana kwa dawa mbalimbali, penisilini nzito ikiwa mojawapo.

Njia ya tatu haina ncha kabisa, nayo ni kukaza. Mtoto huanguka kutoka juu ya mti wa parachichi, akavunjika mfupa juu kidogo ya kiwiko. Mkono hufungwa plasta. Usiku ule mkono huvimba, lakini plasta haitanuki. Damu huzuiwa, msuli hukosa chakula chake na kuanza kufa. Mwaka 1881 mpasuaji wa Kijerumani, Richard von Volkmann, aliandika kwamba mikono iliyokunjamana kama makucha baada ya kufungwa kwa nguvu ilipatwa na hayo kwa sababu ya kukosa damu. Ulemavu huo hadi leo waitwa kwa jina lake. Ndio huohuo unaowapata watoto waliofungwa vijiti na kamba na mafundi wa mifupa wa kienyeji. Hali kadhalika mpira wa kukazia mkono wakati wa kutoa damu, ukisahauliwa chini ya mkono wa shati, huweza kuleta madhara.

Njia ya nne ni ya hospitali kubwa. Mgonjwa wa moyo anayepelekwa katika taasisi kama ile ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam huweza kuingizwa mrija mwembamba katika ateri ya kifundo cha mkono au ya kinena, ukasukumwa hadi kwenye moyo. Mgonjwa wa figo hutiwa mrija mnene katika vena ya shingo, nayo ateri iendayo kichwani ipo ubavuni mwake. Katika upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni, ateri za mji wa mimba huweza kupasuka. Mambo haya waganga huyatazamia na kujitayarisha kwayo, lakini hawawezi kuahidi kwamba hayatatokea kamwe.

SOMO LILILOTOKANA NA AJALI

Ni jambo la kustaajabisha kwamba elimu yenyewe ya kushona ateri ilianza kwa jeraha la aina hii. Mwaka 1757 tabibu William Hunter wa London alieleza namna ateri na vena za kiwiko zinavyoweza kuungana zikawa na tundu moja baada ya mtu kutolewa damu kwa kisu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1759, katika mji wa Newcastle huko Uingereza, mpasuaji aitwaye Hallowell alimpokea mgonjwa ambaye ateri yake ya mkono ilikatwa na mtu aliyekuwa akimtoa damu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuifunga ateri kwa uzi na kuomba salama. Hallowell alipitisha pini ndogo ya chuma katika kingo za jeraha na kuzizungushia uzi, hata tundu likazibika na mkono ukapona. Hii ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya ateri kushonwa.

Pamoja na hayo, ilipita zaidi ya karne moja kabla ya elimu hiyo kukamilika. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini Lyon, akafa kwa kuvuja damu, na waganga hawakuwa na njia ya kuunganisha mshipa uliokatika. Kijana mmoja wa mji huohuo, Alexis Carrel, alijifunza kushona kwa uzi mwembamba na sindano ndogo, na mwaka 1902 alitangaza njia yake. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Askari nao wana sehemu yao katika habari hii. Katika Vita Kuu ya Pili, waganga wa jeshi la Marekani, DeBakey na Simeone, walikusanya habari za majeraha ya ateri 2,471 na kuzitangaza mwaka 1946. Karibu nusu ya viungo vile ilikatwa, kwa kuwa mara nyingi ateri ilifungwa tu. Katika vita vya Korea, kati ya mwaka 1950 na 1953, ateri zilianza kushonwa karibu na uwanja wa mapigano na majeruhi kusafirishwa upesi. Viungo vilivyopotea vilishuka hadi kiasi cha 13 katika kila 100. Jeraha lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni ustadi wa kushona na upesi wa kufika. Ustadi ni wa mpasuaji, lakini upesi huanzia kwa jamaa wa mgonjwa.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Mtu akirudi kutoka kwenye sindano, dripu, plasta au upasuaji, walio nyumbani na wavitazame viungo vyake asubuhi na jioni kwa siku chache za mwanzo. Mambo ya kuangalia ni haya:

1. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, na yasiyotulizwa na dawa aliyopewa.

2. Kupauka. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu urudi kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ukichelewa, linganisha na mkono au mguu wa pili.

3. Ubaridi. Kiungo kimoja kikiwa baridi na mwenzake kina joto, hilo si jambo la kupuuzwa.

4. Ganzi, au hali ya kuchomachoma kama siafu.

5. Vidole kushindwa kujikunja au kujinyoosha. Dalili hii ikifika, wakati umekwisha kuwa mchache.

6. Mdundo wa mshipa kupotea mahali unaposikika kwa kawaida.

7. Damu inayotoka kwa kuruka, au uvimbe unaokua haraka.

Mgonjwa aliyepitishiwa mrija kinenani huambiwa alale chali saa kadhaa bila kukunja mguu. Akisikia maumivu mapya ya mgongo au tumbo la chini, akatokwa na jasho baridi na kizunguzungu, huenda damu inavuja ndani bila kuonekana nje. Huyo arudishwe hospitali bila kukawia.

Msuli ulionyimwa damu kabisa huweza kuvumilia muda wa saa sita hivi kabla ya kuharibika moja kwa moja. Kwa hiyo anayesema "tungoje kuche" huenda anaamua jambo kubwa kuliko anavyodhani.

UVIMBE UNAODUNDA USIKATWE KAMA JIPU

Yapo madhara yanayojificha. Tundu dogo la ateri huweza kuvuja polepole kwa siku au majuma, damu ikajikusanya chini ya ngozi na kufanya uvimbe. Mtu huudhania jipu, kwa kuwa ni laini, unauma na upo palepale ilipopita sindano. Mwenye wembe au sindano iliyochomwa moto huja kuupasua, na damu hutoka kwa nguvu isiyozuilika.

Kabla ya uvimbe wowote wa kiwikoni, kinenani, shingoni au katika kifundo cha mkono haujapasuliwa, na uwekwe vidole juu yake kwa utulivu. Ukidunda pamoja na moyo, usiguswe kwa wembe na mtu yeyote. Pengine hausikiki mdundo, bali mtetemo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Hiyo ni alama ya ateri iliyoungana na vena. Yote mawili hutibika kwa mpasuaji. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Izingatiwe pia kwamba mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine huweza kuwa na mtetemo huo mkononi kwa sababu waganga wameziunganisha ateri na vena kwa makusudi. Mkono huo usitolewe damu ya kupimwa wala usifungwe kipimo cha shinikizo la damu. Mwenyewe na amkumbushe kila mganga mpya.

LA KUFANYA NA LA KUTOFANYA

Damu ikitoka kwa nguvu, mlaze mgonjwa. Weka kitambaa safi juu ya jeraha lenyewe na ukandamize kwa mikono miwili bila kufunuafunua kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kamba ya kukaza juu ya jeraha ni ya dharura ya mwisho, damu ya mkono au mguu inapokataa kabisa kusimama. Askari na polisi waliofunzwa huduma ya kwanza wanajua kwamba saa ya kuifunga lazima iandikwe, na majeruhi afikishwe kwa mganga kabla ya saa mbili kupita.

Kiungo kikiwa baridi au na ganzi, kisikandwe kwa maji ya moto, maana ngozi isiyosikia huungua bila mwenyewe kujua. Kisichuliwe wala kisipakwe mafuta ya taa, majivu au majani. Mkono wenye plasta uinuliwe usawa wa moyo na mgonjwa arudishwe mara moja ili plasta ipasuliwe. Kupasua plasta ni kazi ya dakika chache, na mfupa utafungwa tena. Mgonjwa asile wala asinywe njiani, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa.

KUTOKA RWIMBOGO HADI KWA MPASUAJI

Mkazi wa Rwimbogo anajua njia. Kwanza yupo mshauri wa afya wa kijiji, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kisha kituo cha afya, halafu hospitali za wilaya, ambazo katika Rusizi ni Mibilizi na Gihundwe. Jeraha la ateri kubwa huenda likahitaji hospitali ya rufani, kama ile ya chuo kikuu iliyoko Huye, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, au zile za Kigali, pamoja na Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, ambayo hutibu raia vilevile. Kutoka Rusizi hadi Kigali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200 za vilima na kona. Saa zilizopotea nyumbani haziwezi kurudishwa na dereva yeyote. Simu ya gari la wagonjwa katika Rwanda nzima ni 912, na yafaa iandikwe ukutani, karibu na mlango.

Jambo moja limerahisika. Hadi Oktoba 2016, damu ya kuongezwa mgonjwa ilisafiri kwa njia ya ardhi. Mwezi huo wa Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kurushwa kutoka Muhanga, zikiangusha mifuko ya damu kwa mwavuli katika hospitali za mbali. Ndege hiyo huleta damu, lakini haiwezi kumleta mgonjwa aliyefichwa chumbani.

Katika familia za askari na polisi pana kikwazo kingine. Mume yupo kazini mbali, na mke huona vibaya kumtoa mtoto usiku kabla ya kupata neno lake au la baba mkwe. Mume mwenye busara na aliseme neno hilo mapema, mbele ya wazee: ikionekana dalili mojawapo ya hizi, mama aende, habari zitafuata.

UMIKO NA KUKATA KILIMI

Haitakuwa haki kuzungumzia sindano ya mganga na kuunyamazia wembe wa jirani. Wapo wanaoumika kwa pembe, wakichanja ngozi ili kutoa damu waiitayo mbaya. Wapo wanaokata kilimi cha mtoto mchanga, jambo ambalo katika Rwanda huitwa guca ikirimi, wakidai kwamba ndicho kinachosababisha kikohozi na kutapika. Kilimi kina mishipa yake ya damu, na mtoto wa miezi michache ana damu kidogo mno mwilini. Damu ikivuja kooni humezwa au huingia katika njia ya pumzi, wazazi wasione kitu hadi mtoto alegee. Hapana kitambaa kinachoweza kukandamizwa huko. Mganga wa kituo anapokosea, lipo daftari, yupo mkubwa wake, na ipo njia ya kumfikisha mgonjwa mbele. Mwenye wembe hana hata kimoja.

KUULIZA SI UTOVU WA ADABU

Watu wengi huogopa kurudi kituoni wakidhani wataonekana wanamshitaki muuguzi. Wengine hungoja hadi siku iliyoandikwa kwenye kadi. Siku ya kadi ni kwa mgonjwa anayeendelea vizuri. Mama aliyesimama mlangoni saa nne za usiku na kusema, "Muganga, tangu mtoto afungwe plasta vidole vyake vimekuwa baridi, na hawezi kuvikunja," hajamkosea mtu heshima. Amempa mganga habari ambayo asingeweza kuipata kwa njia nyingine.

Mganga naye ana wajibu wake. Amweleze mgonjwa, kabla ya kumtoa, dalili za kuangalia. Ateri ikiguswa, aseme wazi na kuandika katika kadi, ili anayefuata asibahatishe. Mrija mnene ukiingia katika ateri ya shingo, mafunzo ya leo yanaagiza usichomolewe ovyo, bali aitwe mpasuaji. Nchini Rwanda, Sheria namba 49/2012 ya tarehe 22 Januari 2013 iliweka bima ya dhamana ya kazi kwa waganga, kwa kutambua kwamba ajali za tiba zipo na anayeumia asiachwe peke yake. Kusema kweli mapema humlinda mgonjwa, na humlinda mganga pia.

Basi sindano isiogopwe, na chanjo isikimbiwe. Katika nyumba ambayo mtu ametoka kutibiwa leo, kabla ya taa kuzimwa, mmoja na amshike vidole, aulize kama anasikia, abonyeze ukucha na kuulinganisha na wa mkono wa pili. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na haihitaji fedha.